Famasi ya mlango mmoja siku ya ghasia

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mfamasia, nina famasi ndogo ya fremu mbili karibu na Kabwe hapa Mbeya. Nina wafanyakazi watatu: fundi dawa, mtoa dawa, na binti wa kaunta ambaye sasa ni mjamzito. Ghasia zilipozuka mtaani kwetu niliwapigia simu wasifunge, kwa kuwa tuna wagonjwa wa kisukari na wa kifafa wanaotutegemea. Mawe yakarushwa, kioo kikavunjika, mteja mmoja akakatwa mkononi. Mume wangu anasema nilikosea. Mfamasia mwenzangu anasema mhudumu wa afya hakimbii wagonjwa wake. Yakitokea tena nifanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umpe pole huyo mteja aliyeumia mkono, na pole zaidi kwa vijana wako waliokuwa ndani wakati wewe uko upande wa pili wa simu.

Nianze na kauli ya mwenzako, kwa sababu ndiyo inayokuumiza. Ni kauli ya heshima, nayo inafaa mahali pake: hospitali yenye uzio, geti, walinzi, chumba cha majeruhi na mlango wa nyuma. Hospitali ya Rufaa ya Kanda haiwezi kufunga siku kama hiyo, na hakuna anayetarajia ifunge. Fremu mbili zilizounganishwa, zenye mlango mmoja unaotazama barabara na kioo kizima mbele, ni kitu kingine kabisa. Mgonjwa wako wa kisukari anayetoka Ilemi kwa miguu, akapita katikati ya mawe na moshi ili afike kwako, yuko katika hatari kubwa kuliko yule aliyebaki nyumbani na kichupa chake cha insulini. Kwa hiyo ulipowaambia wasifunge, hukuwalinda wagonjwa. Uliwaita waje mahali penye hatari. Kinachomlinda mgonjwa siku ya ghasia ni dawa aliyokuwa nayo kabatini kwake jana yake. Nitarudi hapo, maana ndipo penye kazi kubwa, lakini kwanza tumalize habari ya duka.

Mwezi Novemba mwaka 2011, machinga na mgambo wa jiji walipogombana Mwanjelwa na barabara kuu ya Tunduma ikafungwa kwa mawe na matairi, nilikuwa zamu katika famasi isiyo mbali na hapo. Tulifanya kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema: tulishusha mlango wa chuma tukiwa na wateja wanane ndani. Dakika chache baadaye moshi wa mabomu ya machozi ukaingia kwa chini, tukawa kama tumefungiwa kwenye pipa. Mama mmoja mwenye pumu alianza kuvuta pumzi kwa shida, na hatukuwa na mlango mwingine wa kumtolea. Alipona, kwa bahati zaidi kuliko kwa akili yetu. Tangu siku hiyo ninasema kwamba fremu isiyo na mlango wa nyuma haifai kuwa maficho. Ni ama uifunge mapema na watu wote wawe nje na njiani kwenda kwao, ama uwe na pa kutokea. Ukiweza kuzungumza na mwenye nyumba akutobolee mlango mdogo wa chuma kuelekea uani, wenye komeo la ndani, hiyo ndiyo fedha ya kwanza ningekushauri uitumie, kabla ya kamera na hata kabla ya kubadilisha kioo. Mlango huo utakufaa pia siku ya moto, na sisi tunaokumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006 hatuhitaji kuelezwa moto unavyokwenda katika fremu zilizobanana.

Sasa, kufunga mapema ni lini? Usisubiri sauti ya bomu la kwanza, hapo umeshachelewa. Mtaa una lugha yake. Machinga ndio wanaojua kwanza, kwa sababu wao ndio wa kwanza kupoteza: ukiona wanakunja maturubai saa nne asubuhi ya siku ya kazi, hiyo ni dalili. Daladala za Uyole na Mbalizi zikipungua ghafla barabarani, ni dalili nyingine. Maduka ya simu na mawakala wa fedha wakianza kushusha milango, au wanafunzi wakirudishwa nyumbani kabla ya wakati, ongeza hizo. Mimi ningeweka kanuni iliyoandikwa na kubandikwa nyuma ya kaunta kwamba dalili mbili kati ya hizo zikionekana kwa pamoja, famasi inafungwa, na anayeamua ni aliye zamu, bila kukupigia simu kuomba ruhusa. Najua sentensi hiyo ya mwisho itakukera kama mwenye mali. Lakini wewe ukiwa nyumbani unaona mauzo na wagonjwa. Yeye anaona barabara. Na ukimlaumu hata mara moja kwa kufunga siku ambayo hatimaye haikutokea kitu, siku ya kweli atasita, na kusita huko ndiko kunakoumiza watu.

Kufunga kwenyewe kusizidi dakika kumi, nako kunahitaji kufanyiwa mazoezi angalau mara mbili kwa mwaka, kama zamani tulivyofanyishwa gwaride shuleni bila kupenda. Mmoja anawahudumia waliokwisha kuandikiwa dawa, hapokei wapya, na anawaambia kwa upole waelekee wapi. Wa pili anafungia dawa zenye udhibiti katika kabati lake pamoja na daftari lake, na anasogeza spiriti na vitakasa mikono mbali na mlango na kioo, kwa maana hivyo ni petroli kwa jina lingine. Wa tatu anatazama friji: imefungwa vizuri, kipimajoto kinasoma kati ya nyuzi 2 na 8, na LUKU ina yuniti za kutosha. Hili la LUKU watu hulisahau. Famasi ikifungwa siku nne na yuniti zikaisha siku ya pili, hakuna jiwe lililorushwa lakini insulini na oksitosini, ile sindano ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, zimeharibika. Na siku za vurugu kununua yuniti huwa kazi ngumu, kwa sababu wakala kafunga na mtandao hautabiriki. Jaza za wiki mbili unaposikia tu fununu.

Fedha zisikae. Msipeleke benki jioni tu. Pelekeni pia mchana, droo ibaki na chenji. Kama mna uwakala wa fedha hapo hapo kwenye kaunta, kama ilivyo desturi siku hizi, ujue kwamba unachovutia ni simu ya uwakala na fedha taslimu, si panado. Siku yenye fununu, huduma hiyo isimame tangu asubuhi, na kibao kiandikwe wazi kwamba hakuna huduma ya fedha.

Kutoka nako kuna utaratibu. Anayekaa mbali anatoka kwanza: kama mtoa dawa wako anaishi Uyole, asingoje kufagia. Wasipite barabara kuu, wapite mitaa ya ndani, wawili wawili inapowezekana, na koti jeupe wavue walikunje ndani ya mfuko. Wako wanaodhani koti jeupe ni kinga. Wakati mwingine ni kinga, wakati mwingine linamtambulisha mwenye funguo za dawa, na mimi sioni sababu ya kubahatisha. Kila mmoja akifika kwake anatuma ujumbe mfupi wa kawaida wa simu. Nasema ujumbe wa kawaida kwa makusudi: intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, makundi yetu ya WhatsApp yalikufa yote kwa mara moja, na waliokuwa hawana namba za wenzao kwenye karatasi walibaki gizani kwa siku kadhaa. Andika namba kwenye daftari, na kila mfanyakazi awe na nakala.

Na kama mmechelewa, ghasia imefika mlangoni na kutoka hakuwezekani? Watu wote waende chumba cha nyuma au nyuma ya ukuta wa tofali, mbali na kioo, wakae chini. Msifunge kufuli kwa nje kwa hali yoyote. Ufunguo ubaki ndani, kwa mtu anayejulikana. Hesabuni vichwa. Pigeni 112 kwa polisi, na 114 kwa zimamoto mkiona moshi wa kuungua. Msichungulie dirishani na msipige picha, kwa sababu mtu akiona simu imeelekezwa kwake, mgeni au mwenyeji, raia au askari, hajui kwamba wewe ni mwuza dawa. Wakivunja na kuingia, wapewe wanachotaka. Hakuna kopo la dawa linalostahili jino la mtu, na mlinzi wa usiku pia aelezwe hivyo kwa maneno yasiyo na utata, maana wapo walinzi wanaodhani tunawalipa ili wafe.

Kuhusu moshi wa mabomu ya machozi, mnaojua dawa ndio mtakaoulizwa, kwa hiyo mjue vizuri. Zile ni chembe ndogo, hukaa zaidi chini, na chumba kilichofungwa huzihifadhi. Nafuu ya kweli ni hewa safi: kumtoa mtu kuelekea upande upepo unakotoka, na mahali palipoinuka kuliko bondeni. Macho yaoshwe kwa maji safi mengi, dakika kumi hadi kumi na tano, bila kuyasugua; nguo za juu zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji. Dawa ya meno, siki na maziwa ni uzushi, mwingine wenye madhara. Mwenye pumu apewe pampu yake ya salbutamol: mipulizo minne, mmoja mmoja, kupitia spesa (kile chombo kinachochomekwa kati ya pampu na mdomo), na baada ya kila mpulizo avute pumzi mara nne, kama hajapata nafuu baada ya dakika nne, arudiwe huku mkitafuta namna ya kumfikisha hospitali. Spesa isipokuwepo, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu hufanya kazi hiyo vizuri. Weka mbili zilizokwisha kutobolewa kwenye droo.

Kuna swali hukuuliza lakini liko nyuma ya swali lako: kwa nini wavamie famasi? Huko Baltimore, Marekani, mwezi Aprili 2015, famasi zaidi ya 25 ziliporwa kwa siku chache, na walichokitafuta wengi wao kilikuwa dawa za maumivu za jamii ya afyuni ili ziuzwe mitaani. Afrika Kusini, Julai 2021, makumi ya famasi za KwaZulu-Natal na Gauteng ziliporwa pamoja na maduka ya vyakula, na huko waliopoteza zaidi walikuwa wagonjwa wa sukari na presha ambao famasi yao ya mtaani ilikuwa imegeuka majivu. Kwetu hatuna akiba kubwa ya dawa za namna hiyo madukani, lakini tramadoli ya maumivu na diazepamu ya kutuliza zina soko lake, wewe unajua. Zihifadhi chache, kabatini, na funguo zisikae kwenye kaunta. Zikiibwa, usione aibu wala usiogope ukaguzi: chukua RB, yaani namba ya taarifa yako, polisi, kisha toa taarifa kwa mfamasia wa halmashauri, kwa Baraza la Famasi na kwa ofisi ya kanda ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hapa Mbeya, ukitaja majina na namba za matoleo. Dawa iliyoporwa na kukaa juani siku tatu itarudi kuuzwa kwa mtu, na namba ya toleo ndiyo njia ya kuitambua. Kwa sababu hiyo nakala ya hesabu ya dawa zako isikae ndani ya famasi peke yake.

Sasa wagonjwa. Huko Eldoret, Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowatawanya watu, kliniki za wanaotumia ARV zilitumia matangazo ya redio na namba ya simu kuwaelekeza wagonjwa mahali pa kupata dawa, na kuwapa za kuwavusha siku chache walikokimbilia. Walifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa kuwa tayari walijua wagonjwa wao ni akina nani. Wewe unawajua? Simaanishi sura zao. Namaanisha daftari lenye jina, simu, dawa, kipimo, siku dawa itakapokwisha, na simu ya jirani au ndugu. Daftari hilo ni siri ya mgonjwa na linalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo uwaombe ridhaa na ulifungie.

Usiwaandike wagonjwa wote. Anza na wale ambao kukosa dawa kwa siku mbili tatu kunaweza kuwaua au kuwaangusha: wanaochoma insulini, wenye kifafa wanaotumia fenobabitali au kabamazepini, ambao wakikatisha ghafla degedege hurudi kwa nguvu, wenye pumu, wanaotumia propranololi au atenololi kwa ajili ya moyo, waliokaa na predinisoloni, dawa ya steroidi, kwa muda mrefu, wanaotumia wafarini ya kuzuia damu kuganda. Wenye ARV na dawa za kifua kikuu wanahudumiwa na kliniki zao, na wengi wa ARV walio imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, lakini waulize hata hivyo, kwa faragha, kwa sababu Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi mengi na hutakosa mteja aliyeahirisha tarehe yake.

Kwa kila mmoja wa hao, lengo ni kwamba asiwe na dawa ya chini ya wiki mbili nyumbani wakati wowote. Hili halifanyiki kwa kuvunja sheria. Dawa ya cheti inabaki kuwa ya cheti. Linafanyika kwa wewe kwenda, mwezi huu ambao kuna utulivu, kuzungumza na madaktari wa kliniki zinazokuletea wagonjwa, wawaandikie cha akiba, na kwa kumshawishi mgonjwa anunue kidogo kidogo mpaka awe mbele ya tarehe yake. Asiye na uwezo wa kulipia wiki mbili kwa pamoja, na ndio wengi, mwekee utaratibu wa kulipa nusu nusu. Utapoteza shilingi kadhaa. Na bei isipande hata senti siku za vurugu. Mtaa una kumbukumbu ndefu, na duka linalokumbukwa kwa wema mara nyingi hupata majirani wa kulisemea.

Wa insulini wana hofu ya umeme, na hofu hiyo huwafanya wakimbilie famasi bila sababu. Waeleze kwamba kichupa kilichoanza kutumika huweza kukaa nje ya friji hadi siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Kwa hali ya hewa ya Mbeya mjini hilo si tabu, pembeni mwa chumba chenye kivuli panatosha. Kwa mteja wako wa Kyela mambo ni mengine, na chungu cha maji chenye mchanga mbichi kitamsaidia. Asiiweke karibu na barafu. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Ikiwa hali inatulia mchana na kuchafuka jioni, fungua saa chache za asubuhi na uhudumie kupitia dirisha lenye nondo, mlango ukiwa umefungwa, kwa wagonjwa wa daftari kwanza. Atakayekuja na jeraha, mkandamizie kwa chachi safi, mfunge, mwelekeze zahanati au hospitali. Famasi si mahali pa kushona wala kuchoma sindano, na siku ya ghasia si siku ya kujaribu. Mwanamke au mtu yeyote aliyebakwa aende hospitali haraka, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Na msimwulize mtu alikuwa upande gani. Askari na aliyekimbizwa na askari wanauziwa dawa ya macho kwa bei ileile, na mlangoni pako pasiwe na bango la chama chochote wala mjadala wake kwenye kaunta.

Kwa upande wa sheria, mumeo ana hoja: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka wewe mwajiri uwalinde, na aliyeumia akiwa kazini ana haki ya kuombewa fidia kwenye WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Bima ya duka isome upya leo. Mikataba mingi ya moto na wizi huweka uharibifu wa ghasia za kisiasa pembeni, kama kifungu cha kulipiwa zaidi. Muulize wakala wako akuonyeshe kwa kidole, si kwa mdomo.

Binti wako mjamzito asipangwe zamu siku yoyote yenye fununu, na asikatwe mshahara. Wengine wawili nao, siku ambayo famasi imefungwa kwa kanuni mliyoiandika, walipwe. Najua biashara ni ndogo na siku tatu za kulipa bila kuuza ni mzigo. Lakini ukiwakata, siku nyingine watakuja kazini wakiwa wameziona dalili zote mbili, nao watakaa kimya mpaka uone kioo kimevunjika.